Mkono wa Marehemu

Mtu wa Mizani aliingia na viatu.

Nataka hilo lijulikane kabla ya mengine. Kibaraza chetu cha Chumbageni kimetandikwa mkeka wa mita nane, ukindu mtupu, na mtu yeyote aliyelelewa akifika ukingoni anavua viatu, hata kama amekuja kukukamata. Huyu hakuvua. Alipanda na mabuti yake, akasimama katikati ya kazi ya miezi minne, ndipo akakumbuka salamu.

"Shikamooni, mama zangu."

Hakuna aliyeitikia. Tulikuwa wanawake kumi na tisa tumekaa duara, miyaa, yaani majani ya ukindu yaliyochanwa, mapajani, vidole vimelowa maji. Bi Riziki, mkubwa wetu, mwenye miaka sabini na miwili na ulimi usiopumzika, alimtazama miguu, kisha uso.

"Mwanangu, kwenu mnalala juu ya nini?"

"Samahani, mama?"

"Nauliza, maana naona hujui mkeka ukiuona."

Akashtuka, akarudi nyuma, akavua. Soksi moja ilikuwa imetoboka kwenye dole gumba, nasi tukaicheka waziwazi. Akajitambulisha: Lwitiko Mwaipungu, mhakiki wa Mizani, ile mashine inayosoma kazi za mikono, kanda ya kaskazini. Kijana wa Kyela, mpole kwa sura. Alikaa pembeni, akawasha kibao chake cha kioo.

"Kuna tatizo kwenye Daftari," alisema. "Bi Mwantumu Kombo bado anasuka."

Bi Mwantumu alikuwa somo yetu sote, yaani mwanamke aliyetupokea tukiwa wasichana akatufundisha kazi hii. Tulimzika mwezi wa Rajabu. Mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa waliomwosha.

"Anasukia wapi?" aliuliza Chausiku. "Huko aliko?"

"Tangu afariki amesuka ukili wa mikeka mita elfu moja na mia mbili. Mizani imezisoma zote. Mkono ni wake."

Wenzangu wakaangua kicheko. Tatu, mdogo wetu, alicheka hadi akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Mimi sikucheka, kwa sababu nilishaelewa, na nilipoelewa damu ilinipanda kichwani.

Kosa lilikuwa letu, nalikubali. Miaka sita kabla ya hapo, Mizani ilipoanza kuandikisha watu wa Tanga, tuliletewa fomu. Mstari wa kwanza uliuliza jina la msukaji. Mtu asije akasema hatukuelewa. Mimi nina shahada ya sanaa, na Bi Riziki alikuwa karani wa bandari miaka ishirini. Tulielewa vizuri sana. Lakini katika nyumba yetu, somo akiwa hai huweki jina lako kwenye kazi. Ukiulizwa nani kasuka, unamtaja yeye. Kujitaja mwenyewe na yeye angali anapumua ni kumchimbia kaburi. Kwa hiyo wanawake kumi na tisa tulishika kalamu, mmoja baada ya mwingine, tukaandika Mwantumu Kombo. Yeye mwenyewe akaandika Mwantumu Kombo, kwa kuwa somo yake alishatangulia. Tukapeleka fomu ishirini zenye jina moja, tukarudi nyumbani tumeridhika na adabu zetu.

Mizani nayo ikalinganisha mikono, ikaona inafanana. Lazima ifanane! Bi Mwantumu hakufundisha kwa mdomo. Alikukalisha mbele yake, akakuzungushia mikono kwa nyuma, akaweka vidole vyake juu ya vyako, na mkasuka hivyo miaka mitatu, jasho lake shingoni kwako. Ukitoka hapo, kidole gumba chako kinabonyeza kama chake mpaka ufe. Mashine ikaona fomu ishirini, jina moja, mkono mmoja, ikahitimisha kwamba Tanga kuna bibi mmoja hodari asiyelala. Mwaka wa pili ikamtumia cheti cha pongezi, nasi tukakitundika ukutani tukikicheka. Wajinga sisi!

"Kwa hiyo kila kitu tangu Rajabu ni nakala isiyo na mwenyewe," alisema Lwitiko, macho kwenye kibao. "Na *Shehena* pia."

Hapo kicheko kilikatika.

*Shehena* ndiyo kazi yetu kubwa. Mkeka wa mita arobaini kwa kumi na mbili, ukindu uliosukwa pamoja na kanda za plastiki za kufungia mizigo, zile zinazotupwa bandarini kila meli ikishusha. Ndani yake mna kila kilicholetwa Tanga na kila kilichochukuliwa, kuanzia katani hadi vijana wetu. Ulikuwa umechaguliwa kutundikwa kwenye Maonesho ya Mabara, ukumbi wa mbele kabisa, wiki kumi baada ya hapo. Wazo lilikuwa langu. Mimi ndiye Mwanamvua Shekue, na katika wale kumi na tisa mimi ndiye bora. Msiniletee habari za unyenyekevu; ni kweli na kila mtu alijua. Miaka ishirini na sita nilikuwa nikisubiri siku ambayo jina langu litasomeka ukutani.

---

Nyinyi mliozaliwa baada ya Mkataba hamkumbuki gharika. Kulikuwa na miaka mashine zilitapika sanaa ya kila kabila duniani, usiku na mchana. Vinyago vya Kimakonde vilitoka kwenye viwanda ambavyo havijawahi kunusa mpingo. Mikeka ya Tanga iliuzwa kwenye miji ambayo hakuna aliyejua Tanga iko wapi. Mzee mmoja wa kuchonga, jirani yetu, alichoma patasi zake uani. Basi mataifa yakakaa, yakatia saini Mkataba wa Asili, na siku ile tulitoka barabarani tukapiga vigelegele. Mimi nilipiga mpaka sauti ikakauka. Nikikumbuka leo natamani kujizaba kofi.

Mkataba ndio uliozaa Mizani. Jicho lake limewekwa kwenye kila lango: la bandari, la soko, la duka, la makumbusho. Ukipitisha mkeka inasoma kila kikunjo, nguvu ya gumba, jasho lililokauka baina ya miyaa, kisha inasema mkono wa nani. Ukiwa na jina unapita. Ukiwa huna, kuna meno chini ya lango, na mkeka wako unasagwa hapohapo ukitazama. Kifungu cha Kwanza cha Mkataba kina maneno manne tu: mkono mmoja, jina moja. Waliokitunga walikuwa na nia njema, sina shaka. Ila hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufundishwa kazi kwa kukumbatiwa.

Siku ya pili niliitwa ofisini kwa Lwitiko, peke yangu. Akaniweka mbele ya jicho dogo la mezani, akanipa miyaa, akaniomba nisuke shubiri moja. Nikasuka. Kibao kikalia.

"Tisini na tisa nukta nne," alisema, na sauti yake ilibadilika. "Bi Mwanamvua, hakuna aliye karibu na marehemu kuliko wewe. Wenzako wako tisini na tatu, tisini na tano. Ungekuwa mia, ila umepunguzwa kwa ajili ya plastiki ya *Shehena*."

"Kupunguzwa kivipi?"

"Mizani inasema watu wa pwani hii hawatumii plastiki katika usukaji wao wa asili."

"Nani kaiambia?"

"Ni takwimu, mama. Picha za zamani za makumbusho…"

"Mimi ni mtu wa pwani hii!" Nilipiga meza. "Natumia plastiki! Bibi yangu alitumia nyuzi za magunia ya sukari, na bibi yake angekuwa na waya wa simu angeutumia. Mashine yako imekaa ng'ambo inanifundisha mimi Udigo?"

Alisubiri nimalize kuhema, kisha akaniambia kilichonileta. Naweza kuandikwa mrithi wa mkono. Jina langu, Mwanamvua Shekue, litachukua nafasi ya marehemu, na *Shehena* itasafiri kama kazi yangu. Kinachotakiwa ni kiapo kimoja: kwamba wale wengine kumi na wanane ni nakala zangu.

"Nakala maana yake nini kwao?"

"Mikono yao inafungwa."

Kufungwa mkono si jela. Wanakuchoma wino chini ya kucha zote kumi, wino unaotoka na jasho lako maisha yako yote. Ukikunja ukili, wino unaingia ndani yake, na lango lolote duniani litausaga. Kuokota, kubeba, kupika, kulea, yote ruhusa. Wino haushiki mpaka ukunje. Kusuka ndiyo basi.

"Na nisipoapa?"

"Siku arobaini zikipita, mkono unakuwa hauna mwenyewe. Anapewa mwombaji." Akainama. "Kuna kampuni moja imeshaomba. Ina mikono mia saba tayari, ya watu mbalimbali. Inaiweka kwenye mitambo."

"Na sisi kumi na tisa?"

"Mtakuwa nakala za kampuni."

Mwee! Nilikasirika, na sitaficha, sehemu moja ya moto ule haikuwa hasira. Ilikuwa ni jina langu. Nililiona limeandikwa kwa herufi ndefu kwenye ukuta mweupe, na nililipenda. Kwa sababu nililipenda nikamchukia huyu kijana, nikatafuta njia ya kumtesa.

"Nasikia nina haki ya kusomewa masharti yote kwa Kiswahili."

"Ndiyo, mama, lakini ni vifungu thelathini na nane. Hajawahi kuomba mtu."

"Basi naomba mimi. Soma."

Akasoma, akitafsiri papo hapo, akikwama, akirudia. Saa moja, saa mbili. Sauti ilimkauka, nikammiminia maji kwenye glasi yake, maana sina roho mbaya kiasi hicho, lakini sikumruhusu anyamaze. Alipofika Kifungu cha Thelathini na Moja alikipitia mbiombio.

"Rudi," nilisema. "Hicho umekirusha."

"Hakikuhusu, mama. Kinaitwa Shina."

"Soma."

Akakisoma. Kinachoigwa ndicho asili, ndivyo kilivyoanza. Mtu akikiri kwa kiapo kwamba ameiga mikono ya watu kadhaa, watu hao wataandikwa shina moja, kila mmoja na jina lake, kwa kuwa haiwezekani mtu akaigwa naye si asili. Kilitungwa kwa ajili ya ndugu sita wafua visu, huko milimani kwenye nchi za watu. Na aliyekiri lazima awe ndiye mwenye ulinganifu wa juu kuliko wote, kwa sababu nakala hafifu haiaminiki kuwa shahidi.

"Na huyo aliyekiri anafanywaje?"

"Mkono wake unafungwa. Jina lake linaingia kwenye orodha ya waghushi."

"Kimewahi kutumika?"

"Mara moja. Ndugu wa saba, alikuwa mahututi. Alikufa wiki ileile."

Nikamwambia aendelee na Kifungu cha Thelathini na Mbili. Sikusikia hata neno moja la vilivyobaki. Nilikuwa nimekasirika kwa sababu nilikuwa nimekisikia, na mtu akishasikia hawezi tena kusema hakujua.

---

Kibarazani nilisimama mbele ya wenzangu nikawaeleza yote, isipokuwa kifungu kile. Nilieleza kwa ukali, kusudi wanijibu kwa ukali. Nilitaka wanitukane. Nilitaka Bi Riziki asimame aniite msaliti, ili niondoke nimenuna nikaape kwa moyo mweupe.

Bi Riziki alikuwa akichana ukindu. Hakuinua kichwa.

"Apa," alisema.

"Nini?"

"Una masikio, Mwanamvua. Nenda ukaape. Bora jina lako kuliko la kampuni."

"Bi Riziki, watawafunga mikono! Nyote!"

"Mimi yangu imeshachoka." Akavunja kipande cha miyaa kwa meno. "Wewe ndiye bora. Hapa hakuna asiyejua, na somo naye alijua, Mungu amrehemu. Ukibaki wewe, kazi imebaki."

Miaka ishirini na sita nimesubiri kuambiwa maneno hayo, na wakanipa wakiwa wameinama, kama wanavyompa mfiwa sahani ya wali. Nikawatazama mmoja mmoja. Saumu alikuwa anavunja vidole. Mwanakombo alitazama barabarani. Chausiku, ambaye mumewe ni mgonjwa wa miaka mingi na ambaye hutuliza roho yake kwa kusuka tu, aligeuza viganja juu akavikagua.

"Sasa viganja hivi nitavifanyia nini?" aliuliza, wala hakumuuliza mtu yeyote.

"Utapikia!" nilimfokea. "Utafulia! Si mmekubali? Mbona hamgombani? Mnaambiwa mkatwe mikono mnasema hewala, mama, karibu panga! Ndiyo maana watu wanaingia humu na viatu!"

Tatu akaanza kulia. Ana miaka ishirini na mitatu na ndiye mwanafunzi wa mwisho wa marehemu. Bi Riziki akaniinulia jicho, taratibu.

"Usiwalize watoto," alisema. "Kama roho inakuuma, ni yako. Wenzio tumeamua."

Kwa nini sikuwaambia habari ya Shina? Nimeulizwa mara nyingi. Wengine hudhani ni ushujaa. Si ushujaa. Ningewaambia, wangenikataza. Wangenipigia magoti, wangesema Mwanamvua usithubutu, na mimi ningekubali upesi kabla hawajamaliza. Najijua.

---

Jumba la Mizani liko karibu na geti la bandari, jengo la vioo lisilo na hata kiti kimoja kinachokalika. Tulifika saa tatu asubuhi. Wenzangu kumi na wanane walivaa kanga zao za sikukuu, sare, kana kwamba wananisindikiza harusini. Walikaa nyuma, kwenye mabenchi ya chuma. Mbele palikuwa na meza, jicho kubwa juu yake, na Lwitiko pembeni kama shahidi. Safari hii alikuwa na soksi mpya.

Mizani ilizungumza. Kiswahili chake kilikuwa safi mno, cha taarifa ya habari, kisichotoka kwa mama wa mtu yeyote.

"Mwanamvua Shekue. Ulinganifu tisini na tisa nukta nne. Eleza tamko lako."

Nilikuwa nimelala nikiwa nimeamua moja, nikaamka nimeamua jingine, na pale mezani sikuwa na hakika. Nikageuka nikamwona Chausiku. Alikuwa bado anavitazama viganja vyake. Hasira ikanijia yote kwa pamoja, nami nikaitumia kabla haijapoa.

"Natamka chini ya Kifungu cha Thelathini na Moja," nilisema. "Mimi ni nakala. Nimeiga mikono kumi na minane. Nakiri."

Lwitiko alisimama, kiti kikaanguka. Nyuma yangu nikasikia Bi Riziki: "Anasema nini huyu? Mwanamvua! Unasema nini?"

"Wasikilizaji wanyamaze," ilisema Mizani. "Taja kila jina, na ulichoiga kwake. Maelezo yatapimwa kwenye kazi yako."

Nilijua yatapimwa. Ndiyo maana sikuweza kusema uongo, na ndiyo maana jana yake nilikuwa nimejipekua vidole, kunjo moja hadi jingine, nikiuliza hili nililitoa kwa nani.

"Riziki Mwinyihija. Ukindu ukiwa mkavu, gumba la kushoto linatangulia. Somo hakufanya hivyo. Nilimwona Bi Riziki, nikachukua."

"Imethibitishwa," ilisema Mizani.

"Chausiku Bakari. Kuunga miyaa mpya bila ncha kuonekana upande wowote. Nilimchungulia miezi miwili kwa siri, maana nilikuwa naona haya kumuuliza."

"Imethibitishwa."

"Mwanakombo Sefu. Kuvuta miyaa iliyotiwa rangi kwa nguvu kidogo kuliko isiyo na rangi, kwa sababu hunywea ikikauka."

"Imethibitishwa."

Nikaendelea. Saumu, jinsi ya kugeuza pembe. Mwingine, jinsi ya kupumzisha mkono bila ukili kulegea. Kila jina Mizani ilikuta kitu mkononi mwangu, na kila ilipothibitisha nilizidi kukasirika. Niliyokuwa nayasema ni kweli tupu. Wote hawa walinifundisha, na ingekuwa dunia ya watu wenye akili ningeyasema haya kama shukrani, kwenye kibaraza, na chai mbele. Nikawa nayasema kama mwizi anavyoonesha mahali alipoficha mali, kwa kuwa mashine hii haikuwa na sikio la namna nyingine.

Yakafika kumi na saba. Likabaki la Tatu.

Kwa Tatu nilikuwa sina kitu. Mtoto wa juzi, mimi ndiye niliyekuwa nikimkosoa. Nilikuwa nimepanga kubuni lolote, ingawa nalo lingepimwa. Nikafungua mdomo, na hapohapo nikakumbuka siku moja ya mvua, miaka mitatu nyuma, Tatu amekaa ukingoni mwa kibaraza anachezea kanda ya plastiki aliyoiokota bandarini, anaipitisha ndani ya ukili kwa kujifurahisha. Nilimwambia aache upuuzi. Mwezi uliofuata nikaja na wazo la *Shehena*, nikaliita langu, na nikaamini ni langu. Miaka mitatu niliamini!

"Tatu Mbwana," nilisema. "Plastiki. Kuchanganya plastiki na ukindu. Alianza yeye."

Nyuma nikasikia Tatu akisimama.

"Imethibitishwa," ilisema Mizani. "Shina limeandikwa, majina kumi na manane. Kazi iitwayo *Shehena* inaruhusiwa kusafiri kwa majina hayo. Mwanamvua Shekue anaingizwa katika orodha ya waghushi. Mhakiki, funga mkono."

Lwitiko alileta kisanduku cheusi. Nikaingiza vidole vyote. Akashika kitufe bila kukibonyeza.

"Mama, pole. Nilikwambia kifungu kile hakikuhusu…"

"Usinipe pole, mwanangu. Bonyeza."

Akabonyeza. Maumivu hayakuwa makubwa, kama kuchomwa na miiba kumi midogo. Nilikuwa nimejiandaa kwa makubwa zaidi, na kwa kuwa hayakuja sikuwa na la kulilia, nikatoka nje nimekunja uso.

---

Bi Riziki alinikuta kwenye ngazi, akanizaba kofi. Mbele ya watu, mbele ya geti la bandari, wapagazi wakasimama kutazama.

"Nani alikutuma?" alipiga kelele. "Nani alikwambia sisi tunataka kulishwa mkono wako?"

"Nyinyi si mlitaka nile yenu?"

"Tulikuwa tumekubali wenyewe! Wewe umetuuliza?"

"Ningewauliza mngekataa!"

"Kumbe ulijua!"

Tukafokeana hivyo mpaka Saumu akatushika mikono, wanawake wawili watu wazima, mmoja wa sabini na mbili na mwingine wa arobaini na saba, kanga zimetuanguka. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia. Yeye alinijibu kwa Kidigo, na hayo hayatafsiriki. Alipokwisha pumzi akajifunga kanga yake upya, kwa nguvu, akaanza kwenda zake. Hatua tano, akageuka.

"Kesho uje mapema," alisema. "Ukindu wa Tatu haujachanwa."

Kuchana miyaa ni kazi ya mwari wa wiki ya kwanza. Unalipasua jani kwa ukucha, unapanga vipande kwa upana, unamkabidhi anayesuka. Hakuna kunjo ndani yake. Mizani haina habari nayo.

Nilikaa na hasira hiyo siku nzima. Asubuhi nikaenda. Nilivua viatu, nikakaa ukingoni badala ya mahali pangu, nikavuta fungu la ukindu. Hakuna aliyenishukuru, na nashukuru kwa hilo, maana ningempiga mtu. Wiki nane baadaye *Shehena* ilipakiwa melini kwa majina kumi na manane, nikaitazama ikipandishwa, nikarudi kuchana.

Kule Maonesho wameisifu. Nimesikia. Mtu mmoja aliandika kwamba ni sauti safi ya pwani isiyochanganywa na kitu. Nilicheka hadi nikakohoa.

Juzi Tatu alikuwa anaanza ukili mpya, kazi yake mwenyewe, yenye jina lake. Nilimchania miyaa, nikampa, nikamtazama. Shubiri mbili tu nikaona ukingo unaanza kulegea. Mikono yangu iliinuka yenyewe. Naye, kwa mazoea ya kufundishwa, akasogea mbele kidogo, akaniachia nafasi nyuma yake.

"Usithubutu," nilimwambia. "Ukinikalisha hapo, lango litanisoma mimi ndani ya kazi yako."

Akageuka, macho yamejaa. "Sasa nitajuaje, Bi Mwanamvua?"

Nilikuwa na hasira ya kutafuna miyaa mibichi. Nikaikalia mikono yangu, mmoja chini ya kila paja, nikajongea karibu na sikio lake.

"Gumba limelala," nilisema. "Lisimamishe. Hapana, siyo hivyo. Fumua, anza tena, na safari hii usinitazame mimi, tazama kazi."

Akafumua. Akaanza tena.